Upanga wa Buluu na Maziwa ya Ngamia

Isiolo haijawahi kulia njaa ya visu. Ukishuka tu kwenye basi la kutoka Nairobi, vijana wanakuzunguka na bangili za shaba na alumini zilizosokotwa, na katikati ya bangili hizo wanachomoa sime fupi zenye ala za ngozi nyekundu. Watalii wanaoelekea Samburu na Buffalo Springs huzinunua wakaenda kuzitundika ukutani huko kwao. Mzee wa Kisamburu anayeleta mbuzi mnadani ana sime kiunoni tangu ujana wake, na hutamsikia akiitaja. Ndiyo maana mume wangu alipotangaza kwamba ananunua upanga, tena wa kutoka ng'ambo, jirani yetu muuza maziwa alimuuliza kama ana mpango pia wa kupeleka miraa Maua.

Hakujali. Ugonjwa alikuwa ameupata kwa kijana wetu wa mwisho, ambaye kila akitoka madrasa anakaa mbele ya simu kutazama katuni ya Kijapani iitwayo Demon Slayer. Hadithi hiyo ya Koyoharu Gotouge ilianza kuchapishwa Japani mwaka 2016 ikamalizika 2020, na filamu yake iliyotoka mwaka huo huo ikavunja rekodi ya mapato ya sinema zote zilizowahi kuonyeshwa nchini humo. Ndani yake kuna wauaji wa mashetani, na kila mmoja ana upanga ambao ukishikwa na mwenyewe hubadilika rangi: huyu buluu, yule nyekundu, mwingine njano, na shujaa wao anaambulia mweusi. Chuma chenyewe, kwa mujibu wa hadithi, kimenyonya jua.

"Jua!" Mzee, yaani mume wangu, akasema, akachungulia dirishani. Jua, Isiolo tunalo hata la kugawa.

Niseme pia kwamba mbegu ilikuwepo zamani. Mzee ni mtu wa kizazi cha vibanda vya video, kilichozitazama filamu za mapigano huku DJ Afro akizisimulia kwa Kiswahili na kumpa kila mpiganaji jina la mtaa. Kijana wetu alimwagilia maji tu.

Alianza kwa kumpigia binamu yake aliyeko Birmingham. Binamu akamjibu kwamba Uingereza na Wales ziliweka marufuku tangu Aprili 2008: upanga uliopinda wenye ubapa wa sentimita 50 au zaidi hauuzwi kiholela, isipokuwa ule uliofuliwa kwa mikono kwa njia ya asili, na huo wa asili bei yake ingemlazimu Mzee auze ngamia ambao hana. Basi akageukia Eastleigh, ambako hakuna kitu kinachokosekana bali mnunuzi. Mzigo ukapandishwa basi, umefungwa kwa katoni na gundi ya karatasi, mrefu, mwembamba. Kondakta alipouliza ni nini, mwenye duka alimwambia ni fimbo za pazia, na habari hiyo ikafika nyumbani kabla ya mzigo. Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Akko, akafurahi kweli. Alikuwa amelalamikia madirisha ya sebule tangu Ramadhani.

Katoni ilipofunguliwa, Akko alitazama kile kitu, akatazama madirisha, akatazama mwanawe. Kisha akaenda kuswali.

Kusema haki ya Mungu, ulikuwa wa kupendeza. Ala nyeusi yenye kung'aa, mpini uliosukwa kwa uzi, na ubapa wa buluu iliyokolea, ile ya bahari ya Lamu saa nane mchana upepo wa kusi ukivuma. Mimi ni mzaliwa wa huko, na nadhani buluu ile ndiyo iliyoninyamazisha. Kabla sijazinduka, wa buluu ukaletewa mwenzake mwekundu, na mwekundu ukaletewa mweusi. Zikaja na mbao ya ngazi tatu ya kuzilaza, ambayo iliwekwa pale palipokuwa na picha ya harusi yetu. Picha ikahamishiwa juu ya friji.

Kijana wetu, ambaye hajui kuzidisha saba kwa nane, alijua kila kitu kuhusu panga hizi. Ya kwamba katana huwa na ubapa unaozidi sentimita 60, na huwekwa kwenye mbao makali yakiangalia juu. Ya kwamba mpini ukielekezwa kushoto ni amani, kwa sababu mtu wa mkono wa kulia hawezi kuuchomoa haraka. Ukielekezwa kulia ni kwamba mwenye nyumba yuko tayari kwa lolote. Maarifa haya yalinifaa. Siku Mzee aliponiambia pesa za gesi zimeishia kwenye nta ya kung'arishia, niligeuza mipini yote mitatu ikaangalia kulia, nikaenda zangu jikoni. Aliona. Gesi ilikuja jioni.

Ila kuna mambo kijana hakumwambia baba yake, na mimi ndiye niliyeyasoma. Upanga wa kweli wa Kijapani hutoka kwenye mchanga wa chuma unaoyeyushwa kwa makaa katika tanuri la udongo kwa siku na usiku kadhaa, kisha fundi huukunja na kuufua upya mara nyingi. Mgongo wake hupakwa udongo mzito kabla ya kutumbukizwa majini, ili makali yapoe haraka yawe magumu na mgongo ubaki na unyumbufu, na pale viwili hivyo vinapokutana hujichora mstari wa ukungu mweupe kama wimbi. Fundi anayetambuliwa na serikali ya Japani husomea kazi miaka mitano, na akishahitimu haruhusiwi kutengeneza zaidi ya panga ndefu mbili kwa mwezi. Rangi haipakwi. Samurai wenyewe walikatazwa kutembea na panga hadharani mwaka 1876, kwa hiyo hata huko kwao siku hizi ni kitu cha kuhifadhiwa.

Za kwetu, kwa dalili zote, zilikuwa wazaliwa wa China. Longquan, mji wa mkoa wa Zhejiang wenye sifa ya panga tangu enzi za kale, leo hufua za Kichina kwa heshima na za Kijapani kwa biashara. Mpini wa kweli huvikwa ngozi ya taa, yule samaki bapa tunayemkausha na kumpika kwa nazi pwani. Niliutia kucha mpini wa buluu katikati ya nyuzi: plastiki. Nilikaa na siri hiyo. Kuna wakati ndoa inahitaji hivyo.

Kisha ikaja kazi ya matunzo, na hapo ndipo nyumba nzima ilipoajiriwa.

Mzee alitazama video za wazee wa Kijapani wakihudumia panga zao na akataka kila kitu kama walivyofanya. Wale wana kimfuko cha hariri chenye unga laini wa jiwe, wanakigongagonga kwenye ubapa, wanafuta kwa karatasi laini, halafu wanapaka utando mwembamba wa mafuta. Mafuta yenyewe ni ya madini au ya mbegu za mmea, yakitiwa tone la mafuta ya karafuu yanukie. Aliposikia karafuu alinigeukia kana kwamba Pemba yote ni shamba la babu yangu. Nilimpa kichupa changu cha dawa ya meno yanayouma. Sebule ikanukia kliniki.

Unga wa jiwe nilimkataza. Ule ni msasa, hata ukiwa laini vipi, na umekusudiwa chuma kitupu. Juu ya ubapa wa rangi unakula rangi. Rangi ya panga hizi ni gamba jembamba mno, na likishachubuka halirudi kwa kufutwa. Lakini hata bila unga, Isiolo ina msasa wake. Kuanzia Julai upepo unashuka na vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya sukari iliyofunikwa. Ndani ya vumbi hilo kuna chembe za mchanga wa kwazi, ambazo ni ngumu kushinda chuma. Sasa mtu akapaka ubapa mafuta asubuhi, akafungua dirisha. Adhuhuri panga tatu zilikuwa zimevaa matope. Akawaamuru watoto wazifute kwa kitambaa kikavu, yaani wazikwangue kwa mchanga ule ule, na ule mwekundu ukatoka na mikwaruzo tangu ncha hadi kikingio cha mkono.

Dawa ilikuwa rahisi, na aliikubali baada ya ubishi wa kutosha: brashi laini ya rangi kwanza, kupepeta vumbi bila kukandamiza, kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, kikavu baada yake, nta kiasi cha kuonekana tu, na mafuta yabaki kwa walio na unyevunyevu. Hewa ya Isiolo ni kavu. Lililobaki la kuogopwa ni jasho la vidole vya wageni, ambalo lina chumvi, na kila mgeni wa kiume aliyeingia sebuleni alitaka kushika. Kukawa na sheria: mgeni hushika mpini, haruhusiwi ubapa. Imamu alipokuja kutujulia hali aliambiwa sheria hiyo kabla ya kuletewa chai.

Wote tuliifuata isipokuwa Akko, ambaye hakuwahi kuelezwa, kwa sababu hakuna aliyethubutu.

Ilikuwa wiki ya kuandaa Idd. Mzee alikuwa Meru kikazi. Akko alikuwa akitakasa sufuria uani, na kwa jicho la mtu aliyelea nyumba tangu enzi za mahema, aliona kwamba ndani ya nyumba ya mwanawe kuna chuma kilichoota ukungu wa buluu na wake zake wamekiacha hivyo. Nasema wake kwa wingi kwa sababu ndivyo alivyonung'unika. Niko peke yangu. Akauteremsha upanga. Akachukua jivu, ndimu, na kiwaya cha kusugulia sufuria.

Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amekaa kwenye kigoda, upanga umelala mapajani, mweupe, unawaka jua hadi hauutazamiki. Pembeni yake maji ya beseni yalikuwa ya buluu.

"Nimekiokoa," akaniambia. "Kilikuwa karibu kuoza."

Mzee aliporudi alisimama mbele ya ile mbao bila kuvua viatu. Hakuweza kumgombeza mama yake, na hakuwa na wa kumgombeza mwingine, ingawa alinitafuta kwa macho. Aliyemjibu ni kijana wetu. Alieleza kwa upole wa daktari kwamba kwa sheria za hadithi, upanga hubadilika rangi ukifika mkononi mwa mwenyewe wa haki, kwa hiyo huenda huu tangu mwanzo ulikuwa wa Akko.

Kesho yake waliupeleka kwa fundi. Mafundi wa chuma miongoni mwa Waborana huitwa Tumtu, na kazi yao ni ya kurithi. Huyu hufulia nje kidogo ya mji, chini ya mti, akitumia springi za lori zilizokwisha kazi, fuawe, na mivukuto. Mzee akamuuliza kama anaweza kurudisha buluu. Fundi akasema buluu ipo ndani ya moto. Na kweli ipo: chuma safi kikipashwa moto polepole hupata rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, halafu buluu, kila rangi ikiwa ni unene mpya wa gamba linaloundwa na hewa juu yake. Kwenye chuma cha springi buluu hufika karibu nyuzi 300, na fundi anayejua kazi huiwahi kwa jicho kabla haijageuka kijivu.

Lakini kwanza ilibidi mpini utolewe, usije ukaungua. Fundi alitafuta kijiti cha mwanzi kinachofunga mpini kwenye msuka, akakikuta ni cha kupakwa rangi, hakipenyi popote. Akavuta. Msuka, ambao kwenye sime ya shilingi mia chache huingia mpinini barabara, hapa ulikuwa kijiti cha nondo chembamba, kimeshikizwa kwenye ubapa kwa tone la kulehemu. Nasikia fundi alicheka hadi akakaa chini.

"Mzee," akasema, "hii ni ya kutazama. Mtu asiirushe."

Buluu nayo ilimsumbua. Ubapa ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu, na hicho ni kikaidi; buluu yake husubiri hadi joto lipite nyuzi 500. Fundi alivukuta, akangoja buluu, akapewa njano. Akavukuta tena. Mwishowe ukatoka njano kwenye ncha, kahawia na zambarau katikati, na buluu moja ya kifalme shubiri chache karibu na mpini. Mimi niliuona mzuri kuliko ulivyotoka dukani. Mzee alisema umekuwa wa kipekee, akaurudisha kwenye mpini kwa gundi ya mabati, na mipini yote ikaangalia kushoto.

Hapo ndipo alipofika shemeji kutoka Merti kusherehekea Idd nasi, akiwa na simu mpya na wafuasi wa kuwalisha video. Onyo la fundi aliambiwa. Ninajua aliambiwa kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia, nikiwa nimeshika mwiko. Akanijibu, "Sawa, shemeji," kwa ile sauti ambayo wanaume wa ukoo huu huitumia kumaanisha kinyume chake.

Tulikuwa ndani tukipakua pilau. Yeye alikuwa uani, amesimamisha tikiti juu ya pipa, mtoto anashika simu. Akainua kwa mikono miwili, akapiga ukelele wa Kijapani aliofundishwa na mpwa wake, akashusha.

Tikiti halikuguswa. Mpini ulibaki mikononi mwake. Ubapa uliachana naye ulipokuwa bado juu, ukapita kwenye ua wa miba ukizungukazunguka, rangi zake zote zikimeremeta, na yote hayo yamo kwenye video.

Ng'ambo ya ua anaishi jirani yetu wa maziwa. Biashara ya maziwa ya ngamia mjini hapa iko mikononi mwa kina mama: hukusanya kutoka kwa wafugaji, huchanganya, huwahi basi, na jioni yako Eastleigh ndani ya chai. Idd kwake si likizo. Idd ndiyo soko. Mitungi yake ya plastiki ya lita ishirini ilikuwa imejipanga mlangoni ikingoja bodaboda. Namshukuru Mungu kwamba ilikuwa mitungi, kwa maana dakika chache kabla ya hapo wajukuu wake walikuwa wameketi pale pale.

Alikuja langoni ameushika ubapa kwa kanga, unadondoka maziwa.

"Hii si fimbo ya pazia," akasema.

Kesi ilisikilizwa sebuleni, mbele ya mbao ya panga, na hakimu akawa Akko, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye pande zote mbili zilimwogopa. Jirani alidai maziwa, mtungi, na nauli ya bodaboda aliyekuja akaondoka mtupu, na maziwa aliyahesabu kwa bei ya Nairobi. Mzee akasema maziwa yalimwagika Isiolo, bei iwe ya Isiolo. Jirani akauliza maziwa yale yalikuwa yameamka asubuhi kwenda wapi. Akko akafikiri, akasema mzigo uliokwisha kufungwa ni msafiri. Bei ikawa ya Nairobi. Shemeji alihukumiwa nusu, akatoa simu yake mfukoni, akairudisha, akamtazama kaka yake. Mzee akalipa.

Alilipa kwa kuuza mwekundu na mweusi. Kinyozi mmoja karibu na soko alizichukua bila kubishana sana, na sasa zimetundikwa juu ya kioo, kati ya bendera na picha ya wachezaji. Nikipita huziona zina vumbi jekundu. Mzee hunyoa huko siku hizi, na nasikia huenda na brashi yake.

Ubapa wa buluu ulirudi kwa fundi. Upanga wa kuonyesha ni chuma duni kwa vita, lakini chuma kisichoshika kutu ndicho kinachotengenezewa visu vya jikoni, na fundi alisema ni dhambi kukitupa. Akaukata vipande viwili, akatia makali, akavika mipini ya mbao yenye misuka ya kweli. Kimoja kilitoka upande wa mpini, chenye buluu yote. Kingine kilitoka upande wa ncha, njano ikififia hadi zambarau. Akko aliamua kwamba kimoja ni cha nyumba yetu na kimoja ni cha jirani, cha kufuta machungu.

Jirani alitaka cha buluu. Alisema ndicho kilichomchoma mtungi. Mimi nikasema mtungi ulichomwa na ncha, na ncha ni ya njano, video ipo. Video ikatazamwa, taratibu, mbele na nyuma, na hata mabibi wawili waliohiji wakainama juu ya simu ya shemeji kuangalia rangi gani ilitangulia. Ilikuwa njano. Jirani akapokea cha njano kwa mdomo uliopinda, ingawa kesho yake nilimsikia akimwonyesha mteja kwamba ni cha Kijapani.

Akko akakishika cha buluu, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlangoni. Mzee alikuwa ameketi anamtazama, na nadhani kwa mara ya kwanza aliona mama yake amekipenda kitu chake.

"Kizuri," Akko akasema. Akaniangalia. "Jivu liko wapi?"